Barua ya Mzee Zarin Kutoka Malaya

Mama, na nyinyi wadogo zangu, mmeniuliza nilifuata nini Ndabibi wakati wa likizo, nami nikanyamaza. Kwa kalamu naweza kusema. Mzee Zarin, yule Mwafghani aliyefanya kazi reli pamoja na baba na sasa anasaga posho Ndabibi, alipata barua kutoka nchi ya Malaya, kaka yake alikohamia zamani. Ilikaa miezi minne bila mtu wa kuielewa, na mzee hakujua kama kaka yake yuko hai. Baba akanituma na baba mdogo Wafula, kwa sababu baba mdogo alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, huko Malaya.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulipanda treni hapo Nakuru, daraja la tatu. Mpaka Gilgil baba mdogo alinitania tu. "Nekesa, tukifika usijifiche nyuma yangu. Mimi si kabati." Nilibeba kamusi ya Kiingereza ya shule. Nilikuwa nimeshatafuta humo neno Afghan, na nilichokikuta kilinitia aibu.

Naivasha tulifika saa sita, tukapata lori la maziwa. Makopo matupu yaligongana hata hatukusikilizana. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliangalia kipande cha baba mdogo, kile kitambulisho chake, wakatuachia.

Ndabibi, saa nane. Mzee Zarin alizima mashine akaja na unga kwenye ndevu. Kabla hata ya chai aliona kamusi.

"Binti, Kiingereza kinasema Mwafghani ni nini?"

Niliangalia chini. "Ni mtu wa Afghanistan, mzee. Na... ni mbwa wa manyoya marefu. Na blanketi ya sufu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Blanketi sawa, hapa baridi ni kali. Mbwa, wabaki naye wenyewe!"

Kisha akaleta barua, na kicheko kikaisha. Iliandikwa Kimalay kwa herufi za Kiarabu. Baba mdogo aliigeuza huku na huku. "Mzee, Kimalay nilikipata kwa masikio. Haya maandishi hapana."

"Mimi naweza kutamka," mzee akasema. "Maana sijui hata moja."

Wakaiweka barua katikati yao. Nikatoka nyuma ya baba mdogo, nikasema: "Basi mzee asome kwa sauti, baba mdogo asikilize, mimi niandike."

Alisoma polepole, akikwama, akirudia. Baba mdogo alifumba macho. Mwandishi alikuwa binti wa yule kaka. "Anasema hapo kwao bado mnaitwa orang Afghan," baba mdogo akaeleza. "Orang ni mtu. Kule unaanza na mtu, halafu ndiyo unataja kwao." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea, kidole kikifuata mstari: "Ayah masih hidup..." Akapita, akaanza mstari mwingine.

Baba mdogo akamshika mkono. "Simama hapo, mzee. Umesema baba yake bado anaishi."

"Nani amesema?"

"Wewe. Sasa hivi, kwa mdomo wako."

Mzee aliyarudia maneno yale matatu mara nyingi, kama mtu anayeonja chumvi. Machozi yalichora njia kwenye unga.

Jioni tuliandika jibu. Baba mdogo alisema kwa Kimalay, mimi nikaandika kwa herufi zetu kama nilivyosikia, na mzee akaandika tena kwa herufi zake.

Ijumaa mchana nilitia bahasha posta ya Naivasha, tukarudi Nakuru kwa treni ya jioni.

Nilichojifunza ni hiki. Barua ile ilikaa miezi minne kwenye rafu, na watu wawili wa kuisoma walikuwa mbali kwa mwendo wa nusu siku tu. Alikosekana mtu wa kuwaambia wakae pamoja. Safari hii nilisema mimi, na sauti yangu haikukatika.