Nilifungua dirisha alipovua viatu: polisi walivyonitumia kunasa wanaume Jinja

Wakuu, salaam kwenu wote. Ni mama mtu mzima, nawaandikia kutoka Mbale, Uganda. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nimeacha kama yalivyokuwa. Nisomeni mpaka mwisho ndiyo mnitukane.

Zamani tulikaa Mafubira, Jinja: mimi, mama, na kaka yangu Juma. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa huku kama askari kutoka Sudan, kwa hiyo kila utawala wa kijeshi ukianguka, watu wanatugeukia sisi.

Vita vilikuwa vimepita, serikali mpya imekaa, maduka yanaanza kupakwa rangi. Vizuizi vya barabarani bado vipo. Ukiongea Kiswahili kizuri sokoni watu wanakutazama vibaya, maana kwao ilikuwa lugha ya mwenye bunduki.

Juma alichukuliwa kwenye kizuizi. Kosa lake silijui hadi leo. Tulidhani ni siku mbili tatu, ikawa miezi. Mama akawa anakula vijiko viwili anasukuma sahani.

Nikawa napeleka chakula kituoni. Huko ndiko afande mmoja wa upelelezi aliniona. Hakunitongoza, niseme haki yake. Alinikalisha kwenye benchi akaniambia ana kazi.

Mji unasafishwa, alisema. Ugonjwa tuliouita slim, ambao ndio ukimwi, ulikuwa unamaliza watu. Wanawake wanaojiuza kwenye lodge wakikamatwa, kesho wamerudi.

"Sasa tunataka wanaume," akasema. "Mwanaume naogopa aibu kuliko jela. Wewe utasimama kwa geti ya lodge mchana, ukimpata unaingia naye kwa chumba. Sisi tuko chumba ya pili. Hakuna mutu atakugusa. Na faili ya kaka yako, mimi mwenyewe nitaangalia."

Mmesikia hapo? Hakusema atamtoa. Alisema ataangalia. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Nikamuuliza, nitajuaje kama mtu kweli amekuja kwa hilo? Akafikiri kidogo.

"Akitoa viatu, imekwisha. Nani natoa viatu kwa lodge kama hataki kulala? Fungua dirisha, sisi tukisikia tunaingia."

Wakuu, hapa ndipo ninapojishangaa. Afande kwao watu wanaingia hadi sebuleni na viatu. Mimi nimezaliwa nyumba ambayo viatu vinabaki mlangoni, hata uwe umekuja kuomba chumvi. Nilipaswa kumwambia. Nikaitikia, "Ndiyo afande." Honestly, wala sikuliona.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Kitanda cha kile chumba kilikuwa kichafu, nilikiona kinyaa. Nikachukua mkeka wa mama nyumbani, nikautandika sakafuni chini ya dirisha ili nipate pa kukaa.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Hao siwahurumii sana. Mmoja alianza na mkanda, viatu hakuvikumbuka kabisa, nikafungua dirisha bila kungoja kanuni ya afande.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, akapita kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, kofia ya kufuma. Tumwite Hamisi. Alikuwa muuza vitambaa wa Nakaloke, huku Mbale, anasubiri gari la kurudi kwao. Alipita mbele ya geti mara mbili. Ya tatu nikamtabasamia kama nilivyofundishwa.

Akanifuata.

Alipoingia akauona mkeka. Akasimama. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akakaa amekunja miguu kama mgeni aliyeletwa kuposa.

Mkono wangu ulishafika dirishani. Nilikuwa namuwaza Juma tu. Nikafungua.

Na yeye ndiyo kwanza anafungua mdomo, anaongea polepole: "Dada, wewe mtoto ya nani? Kwenu wanajua uko hapa?"

Mlango ukapigwa teke.

Kwenye statement waliandika kwamba alikutwa chumbani na mwanamke, amevua viatu. Nikasomewa, nikatia sahihi. Hakuna neno la uongo pale, na hilo ndilo linalonivuruga kichwa mpaka leo.

Juma alirudi mwezi uleule. Kama ni kwa sababu yangu au siku zake zilifika tu, sijui. Sikuthubutu kuuliza. Mama alimaliza sahani.

Hamisi walimweka ndani siku kadhaa, na habari ikafika Nakaloke kabla yake. Alikuwa anafundisha watoto Kurani. Wazazi wakawatoa mmoja mmoja mpaka akabaki na ubao. Nilisikia kwa wachuuzi wa Mbale waliokuja sokoni kwetu. Nikafunga mdomo, nikafunga na moyo.

Miaka ikaenda. Nikaolewa Mbale, mtaa wa Nabuyonga, na fundi cherehani. Idi moja akaniambia analeta mzee anayemuuzia vitambaa. Natoka na sinia, nakuta ni Hamisi amesimama mlangoni, ndevu zimeingia mvi.

"Ingia mzee, toa viatu, kaa," mume wangu akamwambia.

"Hapana bwana. Mimi nitakaa inje hapa."

Mume wangu akacheka, akamvuta mkono. Alikataa. Nikabeba kiti nikakiweka nje.

Mume wangu alipoingia ndani kufuata sukari, nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Mzee, siku ile ulikuja kufanya nini?"

Hakujifanya hanijui.

"Nilikuja na nia mbaya. Nikaona mkeka kama ya kwetu, nia ikatoka. Lakini kama wewe hukucheka na mimi kwa geti, mimi nilikuwa napanda gari. Sasa makosa yangu iko wapi, na yako iko wapi? Mimi nimeshindwa kujua."

Nikamwambia hata mimi nimeshindwa.

Kisha akauliza, "Polisi walisema uko na ndugu ndani. Alitoka?"

"Alitoka."

"Alhamdulillah," akasema, na akanywa chai yake.

Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Somo? Natamani ningekuwa nalo zima niwape. Afande alitaka kuzuia ugonjwa, huenda kuna mke wa mtu alipona kwa sababu yake, siwezi kumwita shetani. Ila najua hili: mtu alikuja na nia moja, akakaa na nyingine, na sisi hatukumpa hata nusu dakika ya kujieleza. Na aliyemwita ni mimi. Kama Juma asingekuwa ndani ningesubiri? Nadhani ningesubiri. Lakini Juma alikuwa ndani.

By the way, tangu siku ile Hamisi havui viatu nyumbani kwa mtu. Kila Idi anakuja, kila Idi anakaa nje. Mume wangu anasema mzee yule ana maringo, anakaa uani kama mkaguzi wa shule. Mume wangu hajui lolote, na humu jukwaani haingii.

Idi iko karibu, na ameshamwalika tena. Nishaurini wakuu, bila kunionea haya. Nimwambie mume wangu kwa nini mgeni wake haingii ndani, au nibebe kiti tena?