Sikio la Mlinzi

Mhandisi wa kemikali hakuziamini mashine za maabara yake. Mwaka wa kumi na moja huu alikuwa akipika plastiki laini ya kuziba mioyo iliyotoboka, na kila asubuhi alisimama getini akiminya kiraka cha plastiki hiyo kwa mkono wa kushoto na sikio la mlinzi kwa mkono wa kulia, macho kafumba, midomo ikimchezacheza. "Kikizidi ugumu wa nyama, moyo utakikataa," aliwaambia waliocheka. Kisha, kwa huzuni: "Bado, mzee wangu." Mlinzi alikwishazoea, alimwinamishia kichwa huku akiendelea kuandika namba za magari. Kwenye ripoti ulaini ulilinganishwa na "kipimo cha getini", na hakuna bosi aliyewahi kuuliza.

Halafu moyo uliotoboka ukawa wa mlinzi. Siku ya upasuaji, kabla mlinzi hajapewa dawa ya usingizi, mhandisi aliingia na barakoa, akaminya kiraka, akaminya sikio, akarudia mara tatu, madaktari wamesimama mikono juu.

"Bado," akanong'ona, akageukia mlango.

"Mwanangu, rudi," mlinzi akasema kutoka kitandani. "Kwani kipimo ni nani hapa, si mimi? Basi mimi nasema kimetosha. Shoneni."