DSLR ao kale kadogo ka mfukoni? Aparei niliyochagua juu ya sura ya yaya Riziki

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, kule hata noti mfukoni zinanuka samaki.

Humu ndani niko nasoma siku mingi, kimya kimya, kama mutu mwenye kula nyama ya jirani. Leo naleta yangu. Ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, ni ile ya kutosha mboga tu.

Swahili yangu ni ya Congo, mtanivumilia: aparei ni kamera, yaya ni dada mkubwa, na "juu" ni kwa sababu. Na masomo nilifikia grade seven, kisha masomo yenyewe yakaniambia "kwenda salama."

Bon.

Kila wiki kuna mutu anauliza humu: "Niko na pesa ya aparei moja, ninunue DSLR ya kuanzia ao compact?" Halafu wakubwa wanamujibu na sensor, na megapixel, na maneno ingine ya hospitali.

Mi nitajibu na yaya yangu Riziki.

Sisi tunaishi Mantapala, kambi ya wakimbizi, lakini kazi yangu iko huku sokoni. Napiga watu picha. Passport size, batoto wa birthday, wavuvi wenye wanataka kuonekana wameshika samaki kubwa. Samaki yenyewe ni ya kuazima, tukimaliza narudishia mwenyewe.

Hiyo yote nilikuwa nafanya na simu. Kisha siku moja niko juu ya mtumbwi napiga mvuvi, akaniambia "rudi nyuma kidogo, miguu yangu nayo ionekane." Nikarudi kidogo. Ile kidogo ndiyo ilikuwa mwisho wa mtumbwi.

Mi nilitoka majini. Simu haikutoka.

Alor, nikiwa nakusanya pesa ya aparei ya kweli, yaya Riziki akaposwa. Bwana-arusi ni Mwansa, Muzambia wa hapa hapa, muchuuzi wa samaki, mutu wa kucheka ovyo hata akikosa wateja. Mi nampenda. Lakini si mi mwenye kuamua.

Mwenye kuamua ni Papa, na Papa yuko Pweto, ngambo ya Congo. Wakati tulivuka, magoti yake ilikatalia mtumbwi, na mpaka leo haijabadilisha mawazo. Akanipigia kwenye simu ya Fiston, rafiki yangu.

"Arusi yenyewe sitafika," akasema. "Lakini mbele ya arusi kuna ile siku wanamufunua dada yako. Kitambaa kikitoka, nataka kuona sura yake. Usiniletee picha ya kesho yake amekaa kwenye kiti na soda. Nataka ya ile dakika."

Nikauliza, "Papa, juu ya nini ile dakika?"

"Juu simu inadanganya. Kila siku ananiambia niko muzuri, niko muzuri. Sura ya Riziki haijuagi kudanganya. Nataka nijue anaenda kwa huyu mutu na moyo, ao anaenda juu ya njaa ya kambi. Nikiona ni njaa, sitatoa baraka."

Kisha, mbele ya kukata simu: "Na umuulize, kuku ya nani imemunyima yai?"

Hiyo ni ya kwao wawili. Tangu Riziki akiwa mutoto, akikunja uso, Papa anamuuliza kuku ya nani imemunyima yai. Hakuna siku alishindwa kucheka, hata akiwa na homa.

Donc muone mzigo niliyobebeshwa. Dakika moja. Hairudiwi. Na baraka ya arusi inategemea kidole changu.

Kwa wasiojua, kitchen party ya huku ni ya wanawake. Nabwinga, yaani bibi-arusi, anaingia amefunikwa chitenge kichwa mpaka miguu, anakalishwa kwenye mkeka. Bwana-arusi anaruhusiwa kuingia na wenzake wachache, anafunua kitambaa, halafu wanaume wote nje. Mupiga picha wanamuvumilia kwa kile kipande tu. Na wale mama wenye kumufundisha nabwinga, banacimbusa, wako na mwiko mkononi, na ule mwiko si wa kusonga bukari, ugali wetu, peke yake.

Nikaenda kwa ba Chola, "ba" huku ni ya heshima. Anauza vitu vya mkono wa pili, kila kitu, pasi, redio, hata meno ya bandia niliona siku moja. Alikuwa na aparei mbili, bei karibu sawa.

Moja DSLR nyeusi, kubwa, na lens yake ya kuanzia. Unabonyeza, inalia KACHAA, unajisikia kama minister.

Ingine compact ya kijivu. Kadogo, zoom inatoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe.

Fiston akavaa ile kubwa shingoni. "Ndugu, na hii hata mwizi watamuita boss. Na kale kengine watafikiri umekuja kuuza sabuni."

Ba Chola, mutu wa haki, akasema, "Picha, ile kubwa inaishinda kadogo. Haraka pia inaishinda. Kadogo kako na uvivu: unabonyeza, kanafikiri kwanza, ndio kanapiga. Lazima ushike kidole nusu, kaamuke, ndio umalizie."

Moyo wangu ulikuwa umeisha kununua DSLR. Nilibaki tu kutoa pesa. Lakini nikasema wacha nijaribu, nikaacha kinga yangu, yaani baiskeli, nikapewa zote mbili za kwenda nazo mpaka kesho.

Wakuu, hapa ndipo msome polepole.

Nafika Mantapala na ile kubwa shingoni. Jirani yetu mama Sifa alikuwa amekaa inje anapondaponda sombe ya muhogo, anacheka na wenzake mpaka machozi, juu mbuzi ya chairman ilikula kofia ya chairman. Nikasema, hii ndiyo picha ya kwanza. Nikainua aparei.

Mama Sifa akaiona.

Kicheko kikafa pale pale. Akaacha mchi, akaweka mkono kwenye shavu, macho chini, mdomo ukashuka kama mfuko wenye maji. Wenzake wote, shavu, mkono, kimya. Mama mmoja akavuta mutoto wa mwingine akamupakata.

"Mama Sifa, ni mi!"

"Najua ni we," akasema, bila kuachilia shavu. "Piga haraka, mkono unachoka. Wanaleta nini safari hii?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, juu nilikumbuka Kenani.

Tulipovuka na kufikia kambi ya kwanza pale Kenani, watu wenye aparei kubwa walikuwa wanakuja. Si watu wabaya. Wanapiga picha, na baadaye blanketi inafika, unga inafika. Hakuna mutu alitufundisha, lakini kila mutu alishika: aparei kubwa ikikuangalia, unaipa sura ya njaa. Ukicheka, unaharibia jirani blanketi.

Sasa imebaki kwenye mwili. Nilizunguka na ile DSLR block nzima. Vijana, wazee, hata mulevi mmoja: mkono shavuni. Picha safi kabisa, wakuu. Unahesabu nyuzi za shati. Na kila mutu yuko na njaa.

Nikarudia na kale kadogo. Mama Sifa akaniuliza, "Hiyo ni redio?" Nikamwambia aimbe tujue. Akaimba, akacheka, nikapiga. Picha haikuwa safi sana, kule kwenye kivuli ilikuwa na michanga-michanga. Lakini ilikuwa mama Sifa mwenyewe, na pengo lake.

Nikafikiria Riziki chini ya chitenge, kitambaa kinatoka, anakutana na lile jicho jeusi kubwa. Sura itaenda Kenani yenyewe bila kumuuliza. Na picha itaenda Pweto, na Papa atasema: ni njaa.

Kesho yake nikachukua kadogo. Fiston hakunisemesha mpaka mchana, alikuwa kama mufiwa.

Kuna na sababu ingine, hii muandike: kadogo kanachajiwa na kamba ile ile ya simu, kwenye solar. Charger ya ile DSLR ilitaka soketi ya ukutani, na mi kwetu ukuta ni plastiki.

Siku ya siku. Hema limejaa mama za Kizambia na mama zetu, ngoma, vyungu vipya vimepangwa. Naingia na Fiston, kati ya wenzake shemeji Mwansa. Kumbe ndugu zake walileta mupiga picha kutoka Mansa, mutu munene, ba Mansa nawaita kwa heshima, na DSLR mbili shingoni. MBILI.

Mama mmoja akaniangalia mkononi. "Na we mudogo, hiyo utapiga ao utanawa?"

Wakacheka. Fiston akacheka zaidi, msaliti.

Shemeji akapiga magoti, akafunua chitenge. Kachaa-kachaa-kachaa, ba Mansa wanapiga na ule mkono na huu.

Na Riziki, kama nilivyoogopa. Nabwinga anapaswa kuangalia chini, hiyo ni desturi, hakuna shida. Lakini mdomo ulishuka. Shingo ikalegea. Nyuma yake mama zetu wa Mantapala mstari mzima, mkono shavuni, kama kwenye matanga. Ba Mansa wanasema "smile, nabwinga, smile!" na ndiyo inaharibika zaidi. Shemeji naye akaanza kumuangalia, kicheko chake kimeisha, anajiuliza amekosa nini.



Banacimbusa wakapiga kelele, wanaume inje! Watu wakaanza kutoka. Mi nikachuchumaa karibu na mkeka kama mutu mwenye kufunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Aparei juu ya goti. Nikatoa sauti ya Papa, ile ya puani:

"Riziki. Kuku ya nani imekunyima yai?"

Kichwa kiliinuka. Akaniona, akatafuta nyuma yangu kama vile Papa amesimama pale, halafu kicheko kikatoka. Si kile cha picha. Kile cha kutema chai. Na hakunitazama tena, alimugeukia Mwansa, meno yote inje, kama kumwambia "unasikia hawa?"

Nikabonyeza. Kadogo kakafikiri kwanza.

Ile kidole nusu ya ba Chola nilisahau kabisa. Nikabonyeza tena. Hapo mwiko ukanifikia mgongoni. "Iwe! Fuma apa!" yaani we, toka hapa! Nabwinga hachekagi, mi nimemuchekesha mbele ya wakwe. Nilitoka na mikono na miguu.

Inje nawasha nione: kiatu cha shemeji. Picha ya kwanza, kiatu, safi kabisa, na kamba zake. Naenda ya pili, skrini ikawa nyeusi. Kichwa cha kobe kikarudi ndani. Chaji imekwisha.

Wakuu, pale pembeni kuna kibanda cha kuchaji simu na solar. Nilikaa hapo natazama kale kataa kekundu kama mutu anangojea daktari atoke. Fiston hakusema utani hata moja, ndipo nikajua hali ni mubaya kweli.

Ba Mansa wakaja kukaa na sisi, wanapangusa jasho. "Yangu zote nabwinga analia," wakasema, pole pole, hata hawakujivuna. "Sijui nitapeleka nini."

Nikawasha.

Kiatu.

Halafu Riziki.

Picha iko upande kidogo, na kiwiko cha mama fulani kimekula pembe. Lakini yeye yuko pale, kichwa juu, meno mpaka ya mwisho, macho kwa Mwansa. Na Mwansa naye amefungua mdomo kama mutoto ameona pipi.

Nililia, sitaficha. Fiston akanipiga ngumi ya bega. Ba Mansa wakaishika aparei na mikono miwili. "Awe mwe," wakashangaa. "Miye nilikuwa na mbili, na sikuona hata jino moja." Wakatoa kile kidude chao cha kusoma memory card, wakaiingiza kwenye simu ya Fiston, tukarusha Pweto.

Tukangoja. Riziki alikuwa ameisha kutoka hemani, akaja na chitenge yake mabegani, akanifinya sikio, akabaki hapo hapo ameshika hilo sikio.

Voice note ikaingia. Kwanza kuku zinalia nyuma yake. Halafu Papa akasema:

"Huyu ameshiba."

Akavuta pumzi, refu, kama mutu anatua gunia.

"Mwambieni Mwansa nimekubali."

Basi. Sikio langu likaachiliwa.

Donc nyinyi wa kuuliza DSLR ao compact. Kama uko na soketi, uko na arusi kubwa za watu wenye wamezoea kupigwa, chukua DSLR, ba Chola hakudanganya, picha yake inashinda. Hata mi nitainunua siku moja, nikisikia KACHAA bado moyo unaruka. Lakini usisome tu karatasi ya kwenye boksi. Chukua aparei, inua mbele ya watu wenye utawapiga kila siku, uangalie sura zao zinaenda wapi.

Leo huku sokoni wananiita Sabuni. Na wateja wanakuja, juu kwa Sabuni wanacheka.

Uwanja ni wenu wakuu, semeni nyinyi mnatumia nini. Wenye DSLR mje mnitukane, sina neno, mgongo umeisha kuzoea mwiko. Ila mbele ya tusi, weka hapa picha moja ya mama yako akicheka kwelikweli mbele ya hiyo aparei yako. Mi nangoja, na chaji safari hii imejaa.