Rozimari ya Mama Ndani ya Wavu

Asubuhi, upepo wa ziwa ulipopanda hadi kwetu Mabatini, nyumba nzima iliamka kwa harufu ya rozimari. Mama alikuwa amekipanda kichaka chake kwenye udongo kidogo kati ya majabali mawili, mbele ya mlango. Kilikuwa kifupi, kimeshikana, kijani mwaka mzima. Nikiwa kati ya kulala na kuwa macho, nilisikia honi ya kivuko cha Kamanga kwa mbali, kisha jirani wa nyumba ya chini akibisha hodi.

"Nachuma ya chai kidogo, mama."

"Chuma, usiulize."

Kila siku hivyo hivyo, na si yeye peke yake.

Mama alipofariki, nilibaki na khanga zake, ambazo baada ya muda zilinukia sabuni tu, na kichaka hicho. Niliogopa kweli. Majani yakiisha, harufu ya mama nitaipata wapi? Nikachukua wavu chakavu wa dagaa, nikakizungushia, nikaufunga kwa waya. Jirani alipokuja na kikombe chake nikamkatalia.

"Hii ni ya mama," nilimwambia, kana kwamba yeye hakumjua mama. Alishuka na kikombe chake kitupu. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile sikuona aibu hata kidogo.

Kichaka kikarefuka ovyo, mashina ya chini yakabaki wazi bila majani. Nikadhani kina kiu, nikawa nakimwagilia asubuhi na jioni. Katikati kikaanza kukauka. Siku nilipoingiza mkono ndani ya wavu, matawi yalivunjika kama kuni za kuwashia jiko, na vidole vyangu havikunukia kitu. Nililia nimechuchumaa palepale. Kumbe ile mikono ya kila asubuhi ndiyo iliyokuwa ikikipunguza na kukifanya kichipue upya.

Nilishuka kwa jirani kumwomba radhi. Kibarazani kwake, ndani ya ndoo ya rangi, palikuwa na rozimari fupi, imeshikana. Nikatambua kwamba alikuwa amechomeka tawi alilochuma kwetu, mama akiwa hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Nilimwambia nimekosa. Ungo ukaendelea. Nikamwambia naomba kijitawi kimoja tu, nikipande tena, na safari hii bila wavu.

Akautua ungo mapajani, akanitazama.

"Chuma," alisema, "usiulize."