Aliyekuja Kuomba Ufunguo wa Neema

Ulikuwa mwaka ule mchele wa Ubaruku ulipotukimbia, mtaa wetu mzima wa Ipogolo tukala makande mpaka matumbo yakanuna. Ukiona naongopa, kawaulize waliokula. Haya niliyaona kwa macho yangu, na miwani nilikuwa nimevaa.

Mjukuu wangu Neema anatengeneza kompyuta. Za zahanati moja huko Mbeya aliziundia kernel yake mwenyewe, ndiyo roho ya Linux, programu inayoiendesha kompyuta, na mashine zile haziamki mpaka roho hiyo itiwe saini kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wenyewe si chuma, ni faili. Shule sikukaa, lakini nilielezwa nikaelewa. Nakala yake iko kwenye flashi, na flashi nimeifunga mimi kwenye pindo la khanga. Benki gani inaishinda khanga yangu?

Jioni hiyo alinipigia kutoka Mbeya, sauti imemkauka. Mashine zimelala, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Bibi, kila nikitia saini inaniambia permission denied, yaani sina ruhusa. Faili la ufunguo linasomwa na root tu, mwenye mashine. Mimi nimeingia kama mtu wa kawaida. Nataka niliachie lisomwe na yeyote, yaishe."

"Yeyote ndiyo nani?" nikamuuliza. "Chumba chako cha kulala unamwachia yeyote?"

Akacheka kidogo. "Haya, Bibi mkali. Naingia kama root."

Simu ingali sikioni, nikamwona Neema mlangoni kwangu. Gauni lake, pengo lake. Hakubisha hodi, hakupiga goti kuniamkia kamwene, salamu yetu, kama nilivyomlea.

"Nipe flashi," akasema.

"Bibi, unaongea na nani?" simu ikauliza, kwa sauti ileile.

Niamini, mkojo ulinitoka. Nikalishika pindo. Ndipo uso ule ukalegea kama uji, ukawa wa mume wangu, babu yake Neema, niliyemzika. Akanyoosha mkono taratibu, kama alivyozoea kuomba chumvi mezani.

Nikamwambia, "Sikupi. Hata ungekuwa wewe kweli, sikupi."

Mlango ukabaki mtupu. Kwenye simu Neema akasema imekubali, mashine zinaamka.

Tangu hapo mkono huu nilioshikia pindo haupati joto, hata niuweke juu ya jiko. Nawe uliyekabidhiwa ufunguo wa mtu, usitazame sura. Yule bado anakuja, na siku hizi amejifunza. Anabisha hodi. Ananiita jina ambalo mume wangu aliniita tukiwa wawili tu. Nami jina hilo nina hamu nalo, Mungu anajua. Namjibu nikiwa nimeketi, pindo mkononi:

"Sikupi. Hata ungekuwa wewe kweli, sikupi."