Weupe wa Mathenge

Stima ilipotea saa saba mchana, feni ikasimama, na katika ule ukimya nikasikia kitu kinatafuna.

Nilikuwa sebuleni kwangu Waberi, mjini Garissa, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Mwanzo nilidhani ni panya darini. Nikatega sikio. Sauti ilitoka mezani, kwenye shada la maua meupe ya mbao niliyoyachonga mwenyewe. Nilipoliinua, nikaona chini yake unga mwembamba uliojirundika vilima vidogo vidogo. Nikavunja ua moja kwenye shina. Ndani kulikuwa na vijia, na katika kijia kimoja buu mnene, mweupe, akijikunja kuukimbia mwanga.

Shada lile lilikuwa masalio. Maua mengine ya mti uleule, vikapu vitatu, yalikuwa Modogashe kwa wiki tano sasa, katika nyumba ya bibi harusi mmoja.

Maua haya nilianza kuyachonga baada ya mbuzi wangu kufa. Tulipompasua, tulikuta tumboni donge la mifuko na vipande vya maua ya plastiki, yale yanayopauka kwa jua la dirishani kisha yanatupwa nje. Maua ya shambani nayo hayamalizi siku mbili kwa joto letu. Mti wa mathenge tunao kila mahali. Umevamia malisho, miiba yake inatoboa magurudumu, na hakuna anayekulaumu ukiukata. Nikaenda kwa fundi mmoja wa vitanda, mzee wa Kikamba aliyekaa Garissa miaka mingi, akanifundisha kushika kisu na patasi. Siku ya kwanza kabisa alipasua gogo akanionyesha.

“Hii nyeusi ya ndani ndiyo mbao,” alisema. “Hii nyeupe ya nje ni chakula cha dumuzi. Itoe yote.”

Nilimsikia vizuri. Lakini mama wa bibi harusi alitaka maua meupe, na mapema. Kwa hiyo nilichonga ule weupe, na sikuukausha vya kutosha. Nilipomkabidhi vikapu nilimwambia kwa kinywa changu, “Habaryar, haya hata wajukuu wako watayakuta.” Habaryar ni mama mdogo, ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika lake hata wasipokuwa ndugu zetu.

Nilifunga shada ndani ya mfuko nikaenda kwa fundi. Aliumimina ule unga kiganjani, akaupuliza.

“Nilikwambia, mwalimu.”

“Uliniambia.”

“Huko kwa bibi harusi mengine yamewekwa wapi?”

“Kikapu kimoja kando ya kitanda. Viwili sebuleni, karibu na kabati.”

“Kitanda cha mbao?”

“Cha mbao. Kipya.”

Alikung’uta mikono. “Buu akikomaa anaota mabawa. Akitoka hapo atatafuta mbao nyingine. Nenda kesho.”

Nilimpigia simu habaryar jioni ile. Nilikuwa nimepanga maneno ya kweli, lakini nilipoisikia sauti yake yenye furaha, niliyaacha. Nikamwambia kwamba nataka kuja kuyapaka maua vanishi mara ya pili, ni kawaida tu.

“Karibu,” alisema. “Uje unisaidie kujivuna.”

Sikuelewa alichomaanisha mpaka nilipofika Modogashe kesho yake. Viatu vilijaa mlangoni. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekuja kutoka Wajir kuiona nyumba kwa mara ya kwanza tangu harusi. Walikaa kwenye mazulia wakinywa chai ya maziwa ya ngamia, na katikati yao shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu asiyetabasamu ovyo. Bibi harusi alikuwa akiwahudumia. Vikapu vyangu viwili vilikuwa pale pale nilipoviweka.

“Huyu ndiye aliyeyachonga,” habaryar aliwaambia, akanishika mkono. “Mwalimu, tena fundi.”

Nilikaa. Macho yangu yalikuwa kwenye sakafu chini ya vikapu. Chini ya kile cha kulia niliona mstari wa unga, mwembamba kama uzi. Msichana aliyefagia asubuhi bila shaka aliufagia, nao ukarudi.

Shangazi alikuwa na shada mapajani, limefungwa kwa kitambaa cha hariri. Habaryar alikuwa amemzawadia alipeleke nyumbani kwake Wajir.

“Na haya yatadumu?” akaniuliza, akiligeuzageuza.

Wote wakanitazama. Nikamgeukia habaryar nikamwomba tukaongee jikoni kidogo.

Jikoni nilimwambia yote bila kupumzika: unga, buu, kitanda. Alisikiliza huku akifunika birika, akafunua, akafunika tena.

“Kwa simu uliniambia ni vanishi.”

“Nilikudanganya.”

“Na siku ulipoyaleta, ulijua?”

“Nilijua weupe haufai. Sikujua kama wadudu wamo.”

Ng’ambo ya pazia wageni walikuwa wakicheka. “Basi nyamaza mpaka waondoke,” alisema kwa sauti ya chini. “Tutayachoma sisi wenyewe. Hakuna atakayejua.”

“Na shada la shangazi?”

“Liende. Wajir ni mbali.”

“Habaryar, atakapouona unga kwenye mbao za nyumba yake, atajua ulitoka wapi. Na lawama itamwangukia binti yako.”

“Ukisema mbele yao,” alinijibu, “utakuwa umeniaibisha nyumbani kwa mwanangu. Sitakusamehe.”

Nikasukuma pazia, nikarudi sebuleni, nikapiga magoti mbele ya shangazi.

“Eddo,” nikamwita, yaani shangazi, “naomba hilo shada. Lina dumuzi. Kosa ni langu peke yangu. Mama wa bibi harusi hakujua chochote mpaka sasa hivi.”

Shangazi alichomoa ua moja, akalivunja, unga ukamwagika juu ya gauni lake. Aliutazama, kisha akalitua shada sakafuni polepole na kuanza kufuta vidole kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine.

“Mengine yako karibu na mbao gani?” aliuliza.

“Kando ya kitanda.”

Bibi harusi ndiye aliyeinuka kwanza. Alileta shuka kuukuu, akalitandaza, tukaanza kukusanya maua mimi na yeye, ua kwa ua, tukihesabu ili hata moja lisibaki chini ya kiti. Tulitoa kikapu cha chumbani. Tulikigeuza ubavu kitanda kipya, shangazi akashika tochi ya simu, nami nikapitisha kidole kila kiungo nikitafuta matundu. Sikuona hata moja. Tulipaka miguu yote mafuta ya taa hata hivyo. Maua niliyachoma uani kwenye karai la bati, nikasimama hapo mpaka yakawa majivu. Habaryar hakutoka jikoni. Nilipoaga, alinijibu kwa mgongo.

Nilirudi Garissa nikaomba gogo la kiini cheusi. Fundi alinizuia nisiliguse mpaka likauke kivulini, na likakaa miezi. Nilichonga vikapu vitatu upya, kila ua la rangi ya kahawa iliyokolea, zito mkononi. Mengine yalipasuka nikayatupa. Kisu kilipita kwa shida kwenye mbao hiyo, na vidole vyangu vilijaa malengelenge ambayo wanafunzi waliyaulizia.

Nilipoyapeleka Modogashe, habaryar mwenyewe alifungua mlango. Alivipokea vikapu, akanishukuru kwa maneno mawili, na hakunikaribisha ndani. Kwetu mgeni aliyetoka mbali kuachwa mlangoni bila hata maji ni jambo zito, na wote wawili tulilijua. Nikamwambia nakwenda. Nilikuwa nimefika kwenye lango bibi harusi aliponifuata, mkono mmoja kiunoni, mimba imeanza kuonekana.

“Mwalimu, vumbi nitayapangusaje?”

“Kwa kitambaa kikavu tu. Maji usitie.”

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nami nikaenda barabarani kutafuta gari la kurudi.