Watoto Wanne wa Babu

Kwetu Kinondo maiti hangoji gazeti. Mtu akifa alfajiri, msikiti hutangaza, na baada ya adhuhuri keshazikwa. Ndiyo maana kila nilipofunua magazeti ya zamani katika maktaba moja Mombasa, nikitafuta ukoo wetu kwenye matangazo ya vifo, nilikuta watu wa bara tu, na tai zao na majina ya wakwe zao. Niliwaonea wivu, wallahi.

Hadi siku nilipomkuta babu. Alikuwa mpishi wa hoteli ya Diani, na hoteli ndiyo iliyomtangaza. Palikuwa na picha yake amevaa kofia ya upishi, na maneno machache chini: ameacha mjane na watoto wanne. Majina yao yakafuata.

Mimi nilijua watano. Aliyekosekana ni shangazi yangu wa Msambweni, dada mkubwa wa baba, aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa.

Mwenye akili angekwenda kumuuliza. Kuuliza si ujinga, na mwenyewe yuko hai. Lakini mimi nilikuwa nimelewa utafiti. Nililipiga picha tangazo lile, nikalitia kwenye kikundi cha ukoo cha simu, nikaandika kwa mbwembwe kwamba kumbe watoto wa babu ni wanne. Nilitaka nionekane mjuzi. Wala sikujali kwamba tulikuwa mbioni kupeleka shamba la babu la minazi kwa kadhi ligawanywe. Kabla ya magharibi binamu yangu mmoja aliandika kwamba tangazo hilo aonyeshwe kadhi, maana asiyekuwa mtoto hana urithi. Wengine wakaunga mkono. Shangazi alisoma yote, akajitoa kwenye kikundi.

Asubuhi nilikwenda Msambweni. Siku zote kwake mimi huingia kwa mlango wa uani, na hufunua sufuria kabla ya kumaliza salamu. Siku hiyo aliniitikia shikamoo yangu akiwa barazani, akanitandikia mkeka mpya, akanitilia kahawa katika vikombe vya wageni. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Nilitamani anitukane, yaishe.

Nilipopata ujasiri wa kuuliza, alinieleza bila kupandisha sauti. Siku ya hitima karani wa hoteli alikuja kutoa pole, akataka majina ya watoto wa marehemu. Wanaume walikuwa nje katika kisomo. Bibi alikuwa ndani amekaa eda, na mwenye eda haonani na mwanamume wa kando. Basi shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, alisimama mlangoni akamtajia: ndugu zake watatu wa kiume, kisha mdogo wake wa kike. Karani aliandika alivyosikia, akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza anayemtajia ni nani, na shangazi, kwa majonzi ya siku ile, hakukumbuka kujitaja.

Sikuweza kumtazama. Nilimwambia nimekosa, na kwamba nitasema hivyo kwenye kikundi, na mbele ya kadhi pia nitasimama niseme, nikiwa nimeinua uso au nimeuinamisha. Alitikisa kichwa kukubali, akanisogezea sahani ya vitumbua. Sikuthubutu kuvigusa.

"Gazeti lilipotoka niliiona kasoro ile," alisema. "Ndugu zangu wakanicheka, nami nikacheka. Ila nilijiambia, iko siku atalisoma mtu asiyenijua, aseme mimi si mtoto wa baba yangu."

Alikichukua kikombe changu, akakijaza tena.

"Sikudhani atakuwa wewe, mwanangu, niliyekubeba mgongoni."